Mazungumzo ya Kila Siku katika Kibera na Kawangware: Lugha, Maisha ya Mji na Habari za Siku

Utangulizi

Kwa miaka mingi wanafunzi wa lugha katika Afrika ya Mashariki wameelekeza macho yao kwenye tenzi, hadithi, methali na hotuba. Mazungumzo ya kawaida, yale yanayofanyika penye kibanda cha mboga, kwenye kiti cha kinyozi au ndani ya matatu, yamehesabiwa kuwa kitu kisichohitaji uchunguzi. Hata hivyo, yakini ni kwamba sehemu kubwa mno ya Kiswahili kinachotamkwa kila siku mjini Nairobi ni mazungumzo ya namna hiyo. Mwenye kutaka kujua lugha hii inaelekea wapi hana budi kutega sikio pale inapotumiwa na watu wasiojali kama wanasikilizwa na mwalimu.

Makala hii inakusudia kueleza mazungumzo hayo kama yanavyopatikana katika mitaa miwili ya Nairobi, yaani Kibera na Kawangware. Itatazama kwanza mahali penyewe na wakazi wake, kisha taratibu za mazungumzo, sarufi na msamiati wake, na mwisho uhusiano wa lugha hiyo na mambo ya siasa na sheria. Jambo hili halihusu wataalamu wa isimu peke yao. Katika mitaa hiyo watu wamewahi kupoteza nyumba, na wengine maisha, katika nyakati ambazo jina la mtu na lafudhi yake zilitosha kumtaja kuwa rafiki au adui. Tena, mambo yanayoamua bei ya unga na kodi ya nyumba huandikwa kwa lugha ambayo wengi wa wanaoyajadili hawaitumii nyumbani wala kazini.

Mahali na wakazi wake

Jina la Kibera linatokana na neno la Kinubi, "kibra", lenye maana ya msitu au pori. Wanubi waliokuja hapo walikuwa askari wa jeshi la kikoloni, King's African Rifles, pamoja na jamaa zao, ambao asili yao ni Sudan. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza eneo la zaidi ya ekari 4,000 kuwa ardhi ya jeshi, na hapo wazee hao wakajenga na kulima. Hawakupewa hati ya kumiliki. Ni katika mwaka 2017 tu ndipo jumuiya ya Wanubi ilipokabidhiwa hati ya ekari 288, baada ya takribani karne nzima ya kudai. Wazee wa Kinubi huendelea kutamka "Kibra", na matamshi hayo ndiyo yaliyopewa jimbo la uchaguzi lililoanza kumchagua mbunge wake mwaka 2013. Tofauti ya irabu moja tu, kati ya "Kibera" na "Kibra", inabeba ndani yake madai ya nani aliyetangulia.

Kinubi chenyewe ni krioli ya Kiarabu. Mtaalamu Bernd Heine alichapisha uchunguzi wake juu ya Kinubi cha Kibera mwaka 1982, na kazi hiyo inaonyesha kuwa kijiji kilichodhaniwa na wengi kuwa mtaa wa mabanda tu kilikuwa na lugha ya pekee, yenye sarufi yake. Lugha hiyo inazungumzwa pia Uganda, hasa Bombo. Katika Kibera imezungukwa pande zote na Kiswahili, na imepokea maneno mengi kutoka kwacho.

Leo Kibera imegawanyika katika sehemu ambazo wakazi wenyewe huziita vijiji. Miongoni mwa vijiji hivyo ni Makina, Lindi, Laini Saba, Silanga, Mashimoni, Kianda, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Soweto, Kambi Muru na Raila. Ukiyatazama majina hayo utaona kuwa ni kumbukumbu za habari za siku. Soweto ni jina la kitongoji cha Johannesburg kilichojulikana duniani kote kwa maandamano ya wanafunzi ya mwaka 1976. Kisumu Ndogo ni ukumbusho wa mji wa nyumbani kwa wengi waliofuata njia ya reli kuja Nairobi kutafuta kazi. Raila ni jina la mwanasiasa, Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wa Lang'ata, jimbo lililokuwa na Kibera ndani yake, tangu mwaka 1992 hadi 2013. Mkazi husema "natoka Raila" au "nakaa Raila" bila kiambishi chochote cha mahali, na jina la mtu likawa jina la mahali. Raila Odinga alipofariki dunia nchini India tarehe 15 Oktoba 2025, jina hilo lilibaki kinywani mwa watu kila waendapo sokoni na warudipo nyumbani.

Kawangware ina historia tofauti. Iko upande wa Dagoretti, sehemu ambayo ilikuwa katika ardhi ya Wakikuyu kabla ya mipaka ya jiji kupanuliwa wakati wa kupata uhuru. Kwa sababu hiyo, mashamba mengi ya hapo yalikuwa na wenyewe, nao walijenga vyumba vya kupangisha. Wapangaji walitoka kila upande, na Waluhya ni wengi miongoni mwao. Hivyo basi, katika Kawangware lugha ya mwenye ploti na lugha ya mpangaji mara nyingi si moja, na Kiswahili ndicho kinachokaa kati yao mwisho wa mwezi kodi inapodaiwa. Katika Kibera, ambako mwenye chumba mara nyingi hana hati ya ardhi chini ya chumba hicho, mazungumzo juu ya kodi huwa na mashaka zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2001 mabishano juu ya kodi baina ya wapangaji na wenye nyumba yaliishia katika ghasia. Hapo ndipo inapodhihirika kuwa mtindo wa umiliki wa ardhi huathiri mtindo wa maongezi.

Baraza na kamukunji

Katika mwambao, neno "baraza" humaanisha kibao au sakafu ya mbele ya nyumba ambapo watu huketi na kuongea. Bara, katika enzi ya ukoloni, neno hilohilo lilichukuliwa na watawala na kufanywa mkutano wa chifu, ambapo mmoja husema na wengine husikiliza. Watu wa Nairobi, walipotaka jina la mkutano wa wao wenyewe, walichukua jina la uwanja wa Kamukunji, mahali pa mikutano ya kisiasa tangu siku za kupigania uhuru. Katika uwanja huo ndipo mkutano wa kudai vyama vingi ulipoitishwa tarehe 7 Julai 1990, siku inayokumbukwa kwa jina la Saba Saba. Sasa "kamukunji" ni nomino ya kawaida. Wabunge hufanya kamukunji, wanafunzi wa chuo hufanya kamukunji, na katika Kibera wamo watu wanaokutana kila jioni kujadili mambo ya nchi kwa jina hilo.

Si kila mazungumzo yanafikia daraja la kamukunji. Mengi hufanyika pale kazi inapofanyika: kwa fundi viatu, kwa kinyozi, kwenye foleni ya mitungi ya maji, penye meza ya mama mboga, au stejini watu wakingoja gari la nambari 46 la Kawangware. Muuza magazeti ana nafasi ya pekee. Taifa Leo, gazeti la Kiswahili, hulazwa kando ya magazeti ya Kiingereza, na wapitao husimama kusoma vichwa vya habari bila kununua. Mara mmoja husoma kwa sauti kichwa cha Kiingereza, akakifasiri papo hapo kwa Kiswahili, na wengine wakaanza kutoa maoni. Kazi ya ufasiri ambayo katika vyuo hufundishwa kwa miaka kadhaa hufanyika hapo kando ya barabara bila ujira. Redio nayo ina sehemu yake. Pamoja FM, kituo cha jamii kilichoanzishwa Kibera mwaka 2007, hupeleka sauti ya mtaa ndani ya vyumba vya mtaa.

Inafaa kukumbuka kuwa uhuru wa kuongea hivyo haukuwapo siku zote. Tangu mwaka 1982 hadi mwishoni mwa mwaka 1991 Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria, na mikutano ilihitaji leseni hadi marekebisho ya mwaka 1997. Katika siku hizo watu walijifunza kusema kwa mafumbo. Alama za tabia hiyo zimebaki. Hata sasa mzungumzaji hupenda kuitaja serikali kwa kiwakilishi tu, "hao" au "wao", bila kutaja jina, na msikilizaji huelewa mara moja.

Taratibu za mazungumzo

Mazungumzo huanza kwa salamu, lakini salamu za Nairobi zina ngazi zake. Vijana husalimiana "niaje" na kujibiwa "poa". Mtu mzima husalimiwa "habari" au "habari yako", na "shikamoo", ambayo ni wajibu Zanzibar na Tanganyika, haisikiki sana. Kutosikika kwa "shikamoo" hakumaanishi kwamba heshima haipo, kwa maana heshima imehamia katika majina ya kuitana. Mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mwanamume vivyo hivyo. Mkongwe wa kike huitwa "shosho" na wa kiume "guka", na anayeitwa hivyo si lazima awe Mkikuyu, ijapokuwa maneno hayo yana asili ya Kikuyu. Mjaluo humwita mwenzake "omera", na neno hilo hutumiwa pia na wasio Wajaluo wanapotaka kuonyesha urafiki. Katika siasa, neno "Baba" likisemwa peke yake lilijulikana kuwa la Raila Odinga. Hilo ni jina la ukoo lililotoka nyumbani na kuingia katika kura.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya maelezo tu, lakini kila kipengele chake ni cha kawaida katika mitaa hiyo. Kijana amesimama penye magazeti na kumwuliza mzee aliyetangulia kusoma:

— Mzee, hii gazeti inasema aje leo?
— Inasema bei ya unga itashuka.
— Itashuka wapi! Si jana nimenunua kadogo na bei ni ileile?
— Ati ni wiki ijayo.
— Hao husema tu. Mama mboga ndiye anajuanga bei.

Katika mistari hii mitano mna mengi. "Wapi" si swali la mahali bali ni kanusho: anayeuliza "itashuka wapi" anadai kuwa haitashuka kamwe. "Ati" ni alama ya chanzo cha habari, kwani mzee anajulisha kwamba ananukuu tu na kwamba dhamana ya ukweli si yake. Mzungumzaji wa mtaani hupima kila habari kwa maneno madogo ya aina hii: "nasikia", "wanasema", "inasemekana", "ati". Mtu akiyaacha maneno hayo, amejitwika ushahidi, na wenzake watamwuliza alikuwapo lini. Mwisho, kijana anahukumu kati ya vyanzo viwili, gazeti na meza ya mboga, na hukumu yake inaelemea upande wa yule anayeshika bidhaa mkononi. Huo ni mwenendo wa kufikiri, wala haifai kuuita umbeya.

Sarufi ya mtaa

Mtu aliyezoea Kiswahili sanifu atashtuka kwa "hii gazeti". Sarufi sanifu inadai "gazeti hili". Kinachotokea ni kwamba ngeli zisizo za watu zinaelekea kukusanyika katika upatanisho wa namna mbili: i- kwa umoja na zi- kwa wingi. Hivyo husikika "viatu zangu" na "magari zimejaa". Mabadiliko haya yana utaratibu, kwa sababu ngeli ya watu haijavunjika: hakuna mkazi wa Kibera asemaye "mtu imekuja".

Kipengele cha pili ni kiambishi tamati "-anga" au "-nga", kama katika "anajuanga" na "tunaongeanga". Hiki huonyesha mazoea. Lugha za Kiluhya zina kiambishi cha namna hiyo, na Kikuyu kina "-aga" yenye kazi iliyo karibu nayo. Kiswahili sanifu kina "hu-" kwa kazi hiyo, lakini "hu-" haionyeshi nafsi. Kwa kuongeza "-anga" mzungumzaji anaweza kutaja nafsi na mazoea kwa pamoja. Hapana shaka kuwa umbo hili limejaza nafasi iliyokuwa wazi.

Cha tatu ni kirejeshi. Badala ya "mtu aliyekuja" husikika "mtu mwenye alikuja", na badala ya "gari lililopita" husikika "gari yenye ilipita". Kiambishi cha ndani ya kitenzi kimeachwa, na neno linalojitegemea limeshika kazi yake.

Cha nne, na pengine chenye kufunza zaidi juu ya maisha ya mji, ni ngeli ya ka- na tu- ya udogo, ambayo Kiswahili sanifu hakiitumii bali lugha kama Kikuyu na Kikamba zinayo. Katika Nairobi imerudi kwa nguvu: "katoto", "kanyumba", "kadogo". Neno "kadogo" limekuwa nomino ya biashara. Mtu ambaye hulipwa kwa siku hawezi kununua chupa nzima ya mafuta, kwa hiyo hununua kipimo cha shilingi chache. Hawezi kununua pakiti nzima ya unga, hununua unga wa kupima. Hiyo ndiyo kadogo. Gharama ya kadogo, ikijumlishwa, huwa kubwa kuliko ya pakiti nzima, na wanunuzi wanalijua hilo vizuri. Kiambishi kimoja cha sarufi kinaeleza namna maskini anavyolipa zaidi kwa kukosa fedha nyingi kwa mara moja.

Msamiati na habari za siku

Lugha ya vijana wa Nairobi hujulikana kwa jina la Sheng. Wataalamu hawakubaliani kuhusu chanzo chake. Wengine huitaja mitaa ya mashariki ya jiji katika miaka ya 1970, na wengine hurudisha mizizi yake nyuma hadi miaka ya 1930. M. H. Abdulaziz na Ken Osinde waliiandikia mwaka 1997 kama msimbo uliochanganywa wa vijana wa mjini, na Chege Githiora, katika kitabu chake cha mwaka 2018, aliitazama kama Kiswahili cha kienyeji cha Kenya kilichokua. Katika Kibera na Kawangware mipaka kati ya Sheng na Kiswahili cha kawaida cha Nairobi haionekani wazi. Mama mwenye wajukuu atasema "soo" kwa shilingi mia bila kudhani kwamba anasema lugha ya vijana.

Majina ya fedha ni mfano mzuri. Shilingi 20 ni "mbao", 50 ni "finje", 100 ni "soo", na 1,000 ni "ngiri", neno la Kikuyu kwa elfu. Noti ya 500 iliitwa "jirongo", jina linalohusishwa na Cyrus Jirongo, aliyeongoza kundi la vijana waliompigia debe Rais Moi katika uchaguzi wa mwaka 1992, wakati fedha zilipotolewa kwa wingi. "Matatu" lenyewe ni kumbukumbu ya nauli ya senti thelathini, yaani vipande vitatu vya senti kumi. "Bodaboda" lilitoka mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, ambako waendesha baiskeli waliwavusha abiria toka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili, kisha likaingia mjini pamoja na pikipiki.

Siasa nayo huchukua maneno ya jikoni na kuyarudisha yakiwa na maana nyingine. Katika kura ya maoni ya Novemba 2005, ndizi ilikuwa alama ya kuikubali katiba iliyopendekezwa, na chungwa alama ya kuikataa. Chungwa likashinda, na kutokana nalo kikazaliwa chama. Kwa miezi kadhaa haikuwezekana kuuliza bei ya machungwa bila mtu kucheka. Serikali ya muungano ya mwaka 2008 hadi 2013 iliitwa "nusu mkate". Mfano huo hauhitaji kufafanuliwa kwa watu ambao dukani huuliziwa kila siku kama wanataka mkate mzima au nusu. Dhidi ya "wananchi" pamezuka "wenyenchi", yaani wachache wanaoimiliki nchi ambayo wengi ni wakazi wake tu. Tofauti ya maneno hayo mawili ni ndogo kimatamshi, lakini kwa mpangaji wa Kibera ni hoja kamili juu ya ardhi.

Lugha inapokuwa hatari

Carol Myers-Scotton, ambaye sehemu ya utafiti wake ilifanyika Nairobi, alieleza katika kitabu cha mwaka 1993 kwamba mtu anapochagua lugha anapendekeza uhusiano fulani na anayezungumza naye, pamoja na haki na wajibu wa uhusiano huo. Akianza kwa lugha ya mama anadai ujamaa, akianza kwa Kiingereza anadai cheo, na akianza kwa Kiswahili anaacha mambo hayo kando. Katika mtaa wenye watu wa makabila mengi, Kiswahili ni ua wa pamoja ambao hakuna mwenye ploti anayeudai.

Thamani ya ua huo hudhihirika unapovunjwa. Baada ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 kutangazwa, watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini, nyumba zikachomwa, soko la Toi likateketea, na reli ipitayo Kibera ikang'olewa. Mwishoni mwa Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, ghasia zilizuka Kawangware. Katika nyakati kama hizo mtu huombwa kitambulisho ili jina lake lisomwe, au husemeshwa kwa lugha fulani ili lafudhi yake isikike. Sauti za l na r, au s na sh, ambazo siku za kawaida ni mzaha kati ya marafiki, huwa ushahidi. Majirani waliokuwa wakibishana kwa Kiswahili penye magazeti hunyamaza kwanza, kisha hurudi kila mmoja katika lugha ya kwao. Kunyamaza huko ni dalili ambayo wenye kupenda amani wangefaa kuiangalia mapema kuliko kelele.

Serikali ilijibu kwa kuunda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa kwa sheria ya mwaka 2008. Mwezi wa Aprili 2022, kabla ya uchaguzi, tume hiyo ilitoa orodha ya maneno iliyoyaona kuwa ya uchochezi. Ndani ya orodha hiyo mlikuwa na "madoadoa", neno la kawaida kabisa la Kiswahili, ambalo katika Bonde la Ufa lilitumiwa kuwataja watu waliohesabiwa kuwa wageni wa kuondolewa. Mlikuwa pia na "sipangwingwi", neno la Sheng lililojulikana kwa wimbo wa vijana na kisha likapokewa majukwaani na wanasiasa. Neno hilo limejengwa juu ya "sipangwi", yaani mimi si wa kupangiwa na mwingine. Mifano hii miwili inafunza jambo moja. La kwanza lina maana isiyo na ubaya katika kamusi, na la pili halimo katika kamusi nyingi. Lakini kilichopimwa katika yote mawili ni nani aliyesema, mbele ya nani, na siku gani. Maana ya neno haikai ndani ya herufi zake pekee.

Sheria kwa lugha nyingine

Uhusiano wa Kiswahili na dola nchini Kenya umekuwa wa kusuasua. Mwaka 1974 Rais Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike bungeni. Wabunge wakajadili kwa Kiswahili miswada iliyoendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na baada ya miaka michache Kiingereza kikaruhusiwa tena katika mijadala. Mfumo wa elimu ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikitaja kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katiba hiyohiyo inadai wananchi washirikishwe katika utungaji wa sheria.

Hapo ndipo penye fundo. Mtu hawezi kushiriki katika jambo asiloweza kulisoma. Mwezi wa Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipokuwa bungeni, vijana wa Kenya walifanya kazi ambayo hawakuagizwa na mtu: waliufafanua mswada ule, kipengele kwa kipengele, kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za makabila mbalimbali, na kuusambaza kwa simu. Kodi iliyopendekezwa juu ya mkate, ambayo katika hati ya Kiingereza ilikuwa badiliko la jedwali, ilieleweka penye kibanda kama shilingi kadhaa zaidi kwa nusu mkate. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia katika majengo ya bunge na watu wakauawa kwa risasi. Siku ya pili yake Rais Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Ubishi juu ya maandamano hayo ungalipo. Lakini kwa mwanafunzi wa lugha, jambo moja ni dhahiri: ufasiri ulitangulia. Watu walijadili kwa nguvu kwa sababu safari hiyo walijua wanajadili nini.

Hitimisho

Kutokana na hayo yaliyoelezwa, mambo matatu yanafaa kusisitizwa. Kwanza, lugha ya Kibera na Kawangware ina kanuni, na mwalimu wa shule za mitaa hiyo angefaulu zaidi kama angeanza na kanuni hizo, akaonyesha wapi zinapotofautiana na usanifu, kuliko kuwaambia watoto kwamba wazazi wao hawajui Kiswahili. Mtoto aliyeelezwa kuwa "-anga" ina maana, na kuwa "hu-" ndiyo njia ya kuiandika katika mtihani, amepata lugha mbili. Aliyechapwa kwa ajili yake amepoteza moja na kuichukia nyingine.

Pili, Kinubi cha Kibera kinahitaji kurekodiwa upya wakati wazee wakiwapo. Heine alikiandika mwaka 1982, na waliokuwa watoto wakati ule sasa ni watu wa makamo. Hati ya ardhi ya mwaka 2017 inalinda ekari, lakini hailindi maneno.

Tatu, ufasiri wa sheria hauwezi kuachiwa vijana wenye simu na wasomaji wa magazeti kando ya barabara, hata kama wameufanya kwa uhodari. Katiba imeshasema kuwa Kiswahili ni lugha rasmi. Kilichobaki ni kwamba mswada ufike Kawangware ukiwa katika Kiswahili kabla ya kujadiliwa bungeni, ili yule kijana aulizaye "hii gazeti inasema aje" apate kujisomea mwenyewe, na mzee asilazimike kumjibu kwa "ati".